Meza Ilipopangwa, Neno Likaenea



Fungua nami Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa linaongezeka, manung'uniko nayo yanaongezeka. Wajane wanaosema Kiyunani wanasahauliwa kwenye chakula cha kila siku. Angalia vizuri: mitume hawakuwaambia wale mama wavumilie tu. Walibadilisha utaratibu. Wakachaguliwa ndugu 7, na majina yao yote ni ya Kiyunani. Upande uliokuwa unalia uliingizwa kwenye kazi.

Sasa tujiangalie. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, pale palipokuwa gereza, wilaya ya Dowa. Ilipangiwa watu kama 10,000 hivi, leo tumepita 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengine. Mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini ndugu waliokuwa wanafanya biashara Lilongwe, na wengine waliacha maduka yao. Hapo msaada wa kanisa si jambo dogo. Lakini tukigawa kwa kukumbuka-kumbuka tu, atapata yule anayejulikana na mchungaji, ama anayesema lugha ya wazee. Mama asiyejulikana analala njaa, na Jumapili anaimba na sisi.

Tufanye nini basi?

Kwanza, majina ya wajane, yatima na wagonjwa yaandikwe kwenye daftari, mtaa kwa mtaa, yasomwe upya kila mwezi.

Pili, sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio wa nyumba moja, waweke sahihi siku ileile. Paulo mwenyewe, katika 2 Wakorintho 8, alituma ndugu wengine na ule mchango, ili asilaumiwe na mtu.

Tatu, kamati iwe na watu wa kila lugha, na mama wawemo.

Nne, anayeomba ajibiwe ndani ya wiki mbili, hata kama jibu ni kwamba hakuna kitu. Kunyamaziwa kunauma kuliko kukosa.

Kuna atakayesema daftari linazima Roho. Hapana, mpendwa! Wale 7 walitakiwa wawe wamejaa Roho, na kazi yao ilikuwa mezani. Meza ilipopangwa, neno likaenea Yerusalemu, hata makuhani wengi wakaamini.

Kwa hiyo tukisherehekea, uliza katika tawi lako: nani hayuko kwenye daftari? Kisha nenda ukamtafute.

Mungu awabariki. Amina.