Siki Haikingi Mdondo



Kisawasawa, kama kwingineko bondeni Kilombero, kuku huuzwa kukidhi haja za nyumba mpunga ungali shambani. Mdondo waweza kuifagia akiba hiyo kwa siku chache.

Wapo wafugaji wanaotia siki katika maji ya kuku wakidhani wamewakinga. Siki huyatia maji uchachu tu, tena hula vyombo vya bati, mdondo haiuzuii.

Kinga ni chanjo. Ile ya I-2, inayotengenezwa nchini, hudondoshwa tone moja jichoni mwa kila kuku asiye mgonjwa, vifaranga pia, kila miezi mitatu. Kichupa kimoja hutosha kuku wengi. Basi wanachama wachange, wanunue pamoja, na katibu aandike siku ya kurudia.