Mungu Alimtuma Tito

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za diakonia za sharika na wageni kutoka sharika rafiki)



Nimepewa mada ya Mkristo na wasiwasi. Huenda mlitazamia apewe mchungaji, si mtu wa miradi. Lakini sisi wa miradi tunaingia majumbani. Tunakwenda kukagua mbuzi wa maziwa, na mwenye nyumba akishatuonyesha banda huanza kueleza yanayomnyima usingizi: mvua za vuli zimekatika mapema, marejesho ya VICOBA ni Jumamosi, kijana amemaliza chuo na hana kazi, majibu ya vipimo bado hayajatoka. Fomu ya ukaguzi haina mahali pa kuyaandika hayo.

Mtu huyo akija kanisani, mara nyingi huambiwa: "Omba tu, mama. Ukiwa na wasiwasi ni kwamba imani imepungua." Anayesema hivyo hana nia mbaya. Ila aliyeambiwa huondoka na mizigo miwili, ule wa deni na ule wa kudhani kwamba amemuudhi Mungu. Jumapili inayofuata ukimuuliza hali atajibu, "Tunamshukuru Mungu," na hutasikia neno jingine kutoka kwake.

Ndugu zangu, tumsome Paulo vizuri. Ni kweli kwamba katika Wafilipi sura ya 4 anawahimiza waumini wasilemewe na mahangaiko, bali wampelekee Mungu haja zao kwa sala na shukrani. Tena aliyaandika hayo akiwa kifungoni, kwa hiyo hakuwa anazungumzia shida za wengine kwa mbali. Lakini Paulo huyohuyo, katika Wakorintho wa Pili sura ya 7, anaeleza kwamba alipofika Makedonia hakupata nafuu yoyote. Alipingwa na watu, na moyoni mwake mlikuwa na hofu. Mtume mzima, na hofu moyoni! Je, naye tumwambie imani imepungua?

Sasa angalieni alivyofarijiwa. Hataji maono wala sauti kutoka mbinguni. Anasema Mungu alimfariji kwa kufika kwake Tito. Mtu alisafiri, akafika, akaketi naye, akampa habari za Wakorintho. Paulo anaihesabu hiyo kuwa kazi ya Mungu mwenyewe. Vivyo hivyo Eliya, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19, alipochoka hadi akaomba afe: malaika hakuanza kwa kumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, huko Horebu.

Sisi Walutheri tuna sababu nyingine ya kulielewa jambo hili. Martin Luther alisumbuliwa na hofu kali za moyoni miaka mingi. Zilipomzidi mnamo Julai 1527, alikuwepo Johannes Bugenhagen, mchungaji wake pale Wittenberg, aliyemsikiliza na kumkumbusha ahadi za Mungu. Mwalimu wa mamia ya wachungaji alihitaji mchungaji! Na mwaka 1530 alipomwandikia Hieronymus Weller, kijana aliyekuwa akiwafundisha watoto wake na aliyezongwa na huzuni, alimshauri asikae peke yake, atafute watu, azungumze nao, hata acheke na kufanya mzaha. Ukali wa Luther tunaujua sana. Upande huu wake hatuuhubiri vya kutosha.

Wapo pia ambao wasiwasi wao umekuwa ugonjwa. Mtu halali wiki baada ya wiki, hali chakula, ameacha shamba, au anasema afadhali asingekuwepo. Huyo aombewe, na apelekwe hospitali upesi, tena asiende peke yake. Kanisa letu halikuanza jana kuamini hivyo. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya kanisa ambayo kazi yake ilianza enzi za wamisionari wa Betheli, mwanzoni mwa karne ya 20. Huko dawa, ibada na kazi za mikono vimekaa pamoja kwa muda mrefu. Anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani, simwelewi, na kamati zisimwonee haya kumkataza.

Hapa nawageukia wafadhili wetu kwa heshima. Katika taarifa za sharika mnaona kifungu cha nauli na sukari ya ziara za majumbani, na mnauliza kimezaa matokeo gani. Swali ni la haki, fedha ni za watu. Kisima tunakipiga picha. Mjane aliyelala usingizi usiku ule kwa sababu wazee wawili walikaa naye hadi jioni, hatuna picha yake, wala isingefaa kumpiga. Tunachoweza kuwapa ni idadi ya nyumba zilizotembelewa na waliosindikizwa kwenda kutibiwa, bila majina. Naomba mkubali hesabu hiyo kama mnavyokubali ya mifuko ya saruji.

Na kamati nazo zifanye ziara kweli. Kwendeni wawili wawili. Sikilizeni kwanza, someni Neno fupi, ombeni, na msiondoke bila kusema mtarudi lini. Yaliyosemwa ndani ya nyumba yasifike kisimani. Kama tatizo ni deni, mmoja wenu akae na viongozi wa kikundi waone namna ya kuongeza muda wa marejesho. Maombi hayazuii hilo.

Fomu za bajeti ya robo ijayo mnazo mkononi. Kifungu cha ziara kiko ukurasa wa pili. Robo iliyopita sharika kadhaa zilikiacha wazi. Safari hii kijazwe.