Michoro ya Kolo ni ya nani?



Mwaka 1940 vijana wanne huko Ufaransa waligundua pango la Lascaux, lenye picha za farasi na mafahali zilizochorwa maelfu ya miaka iliyopita. Pango likafunguliwa kwa watu mwaka 1948, na baada ya miaka michache wageni wapatao 1,200 walikuwa wakiingia kila siku. Pumzi zao na joto la miili yao vikaanza kuharibu picha, na ukuta ukaota mwani wa kijani. Mwaka 1963 serikali ikalifunga. Hadi leo mtalii hulipa kiingilio, akaonyeshwa nakala, naye huridhika.

Sisi tunayo Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa. Huko picha hazimo gizani ndani ya pango. Zimechorwa kwenye kuta za miamba iliyoinama kama kibaraza. Wamo twiga, tembo, pofu na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Mary Leakey alizinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia. Kwa kuwa pako wazi, pumzi ya mgeni haidhuru kitu. Adui wa Kolo ni jua, maji, moshi na mkono wa mtu. Wapo hata waliochimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu wanayodhani Wajerumani waliificha.

Je, mali hii ni ya nani? Aghalabu tunajibu haraka: ya wenyeji. Lakini wenyeji gani? Watafiti wengi wanaona kwamba picha nyekundu, ambazo ndizo za zamani, ni kazi ya wawindaji waliohusiana na Wasandawe na Wahadza wa leo. Wakulima walikuja baadaye. Hawakuzifuta, walichora zao kwa rangi nyeupe, nyingine juu ya zile nyekundu. Mpaka leo watu hupanda Mungomi wa Kolo kufanya tambiko na kuomba mvua, mahali ambapo babu zao hawakuwa wa kwanza kufika.

Hapo nawakumbuka ndugu zetu wa Mishamo, kule Katavi. Makazi yale yalianzishwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Walifyeka pori, wakalima, wakazaa. Kuanzia mwaka 2014 wengi wao walipewa vyeti vya uraia. Bado wapo wanaowaita wageni. Basi mtoto wa Mishamo akifungua kitabu cha historia akamwona twiga wa Kolo, aambiwe kuwa huyo si wake? Kama urithi ungekuwa wa damu tu, wengi wetu tunaojivunia Kolo tungenyang'anywa.

Urithi ni wa anayeutunza. Kwa hiyo tuwape walinzi wa Kolo vitendea kazi, na vijiji vinavyozunguka miamba vionje mapato ya wageni. Mwenye faida ndiye mlinzi asiyelala. Nawe msikilizaji wa mjini, ukisafiri kati ya Dodoma na Babati, shuka Kolo, lipa kiingilio, fuatana na mwongozaji. Usiguse, usimwage maji ili rangi ing'ae, usiandike jina lako. Wafaransa walijifunza baada ya kuchelewa. Sisi hatuna nakala ya Mungomi.