Mchezo Hauanzi Bila Watano

Hotuba ya mzazi mmoja mbele ya wakazi wa Nakivale, Siku ya Wanawake Duniani, 8 Machi



Nimeombwa niseme machache juu ya wasichana na michezo. Sikuombwa kwa kuwa naujua mchezo. Niliombwa kwa sababu nilikosea, na kosa langu wengi wenu mnalijua.

Mwaka jana timu ya mpira wa kikapu ya wasichana wetu ilialikwa kwenda kucheza Mbarara. Wasichana walikuwa sita. Mwalimu wao alikuja kwangu jioni kumwombea binti yangu ruhusa. Nikakataa. Nikasema: nani atachota maji? Na watu watasemaje, msichana mkubwa kupanda gari kwenda kurukaruka mbele ya wanaume? Jirani yangu aliposikia nimemzuia wangu, naye akamzuia wake. Wakabaki wanne, na mpira wa kikapu hauanzi bila watano. Walikwenda hivyo hivyo wakitumaini kuazimwa mchezaji mmoja. Hawakuazimwa. Walikaa pembeni ya uwanja wamevaa jezi zao, kisha wakarudi Nakivale bila kugusa mpira.

Mwalimu hakunilaumu. Siku nyingine alikuja, akaketi, akanisimulia habari za mwalimu mmoja wa Marekani aitwaye Pat Summitt. Nami nawasimulia ninyi.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1952 katika jimbo la Tennessee, kwa wakulima. Alikamua ng'ombe na kukata tumbaku pamoja na kaka zake watatu. Alipofika umri wa sekondari, shule ya mji wao haikuwa na timu ya wasichana. Baba yake alifanya nini? Alihamisha familia nzima hadi mahali palipokuwa na timu. Ndugu zangu, hapo nilinyamaza. Sisi tunajua kuhama ni nini. Tulihama kwa kukimbia risasi. Yule alihama ili binti yake acheze, nami nilishindwa kumwachia wangu siku moja tu.

Mwaka 1974, akiwa na miaka 22, alikabidhiwa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee. Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Alifua jezi mwenyewe na kuendesha gari la timu mwenyewe. Baadhi ya wachezaji walikaribia kuwa rika lake. Mchezo wake wa kwanza alishindwa kwa pointi moja. Mwaka 1976 alichezea nchi yake katika Olimpiki ya Montreal wakapata medali ya fedha, na mwaka 1984 akaongoza timu ya taifa kushinda dhahabu kule Los Angeles.

Alifundisha chuo hicho hicho misimu 38. Alishinda michezo 1,098 na ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 8, wa kwanza ukiwa mwaka 1987. Lakini mwalimu wetu alinisisitizia jambo jingine: kila msichana aliyemaliza miaka yake yote ya kucheza chini yake alihitimu masomo. Kwake, asiyesoma hakucheza. Mwaka 2011 alitangaza kwamba amepata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Akafundisha msimu mmoja zaidi, akastaafu mwaka 2012, akafariki mwaka 2016.

Mtasema: hayo ni ya Marekani. Basi tuje kwetu. Mwaka 1996 wasichana wa Zaire, nchi ambayo wengi wetu tumetoka, walicheza Olimpiki ya Atlanta. Walishindwa michezo yote, hata ule waliokutana na Marekani, ambako alikuwepo Nikki McCray, mwanafunzi wa Mama Summitt. Lakini kati ya wasichana wale wa Zaire alikuwemo Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa. Mwaka uliofuata alijiunga na timu ya Los Angeles Sparks, akawa bingwa nayo mwaka 2001 na 2002. Naye McCray akawa mwalimu wa timu za wanawake vyuoni. Aliyefundishwa alifundisha wengine.

Tena, Mama Summitt hakufika huko kwa juhudi zake peke yake. Mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria ya kukataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kubagua kwa sababu ya jinsia. Na hapa Uganda, mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 ili waingie kwa wingi. Mlango ukifunguliwa na sheria, bado mzazi anaweza kuufunga nyumbani kwake. Mimi niliufunga.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, Kamati iwapangie wasichana alasiri mbili kila wiki katika uwanja wetu, wavulana wasiwaondoe. Pili, kaka zao wachote maji siku hizo. Wangu wanachota, na hakuna aliyevunjika mkono. Tatu, msichana asiyehudhuria masomo asicheze, ili mzazi yeyote asiwe na sababu ya kusema mpira unaharibu shule.

Na mama mmoja wa hapa, msichana akitaka kujifunza kufundisha, asimcheke. Mwalimu tuliye naye hatakaa nasi milele.

Timu imealikwa tena Mbarara. Jina la binti yangu nimeliandika mimi mwenyewe. Jirani yangu yuko hapa leo, nami namwomba mbele yenu: ndugu yangu, wa kwako pia aende. Mimi ndimi niliyekuonyesha njia mbaya.