KUFUKUZWA KIBARUANI GHAFLA: NINI HAKI YAKO?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kitengela na Kajiado



Nimeombwa niseme juu ya mtu aliyeandikwa kazi ya muda, kisha asubuhi moja akaambiwa langoni, "Wewe, kazi yako imekwisha, usije tena." Jambo hili hutokea kila wiki katika kaunti yetu hii. Hutokea kwenye majengo ya ghorofa yanayoota Kitengela kama uyoga, hutokea mashamba ya maua upande wa Isinya, hutokea kwenye machimbo ya mawe na kwenye maghala. Na karibu kila mara mtu huyo huenda nyumbani akinyamaza, kwa sababu amekwisha kuambiwa na nyapara kwamba yeye ni kibarua tu, na kibarua hana haki.

Basi tuanze na neno hilo hilo "kibarua", kwa maana ndilo linalotumiwa kutunyang'anya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Juni 2008, inasema kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku, na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Huyo, kweli, anaweza kuambiwa jioni kwamba kesho hakuna kazi, na hana notisi ya kudai. Lakini jiulize wewe uliyeketi hapa: umeanza kazi mwezi wa pili, sasa ni mwezi wa tisa, na mshahara wako hulipwa Jumamosi kwa simu. Je, wewe ni kibarua wa saa 24? Mwajiri akuite jina lolote alipendalo, sheria itatazama kazi uliyoifanya.

Kifungu cha 37 cha sheria hiyo ndicho nawaomba mkishike kichwani. Kinasema hivi: kibarua akifanya kazi kwa mfululizo wa siku ambazo jumla yake inafikia mwezi mmoja au zaidi, mkataba wake hugeuka, naye huhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Tena, kama kazi yenyewe haitarajiwi kwisha kabla ya siku zinazofikia miezi mitatu, hapo pia hugeuka. Na mtu wa namna hiyo akiisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo tangu siku aliyoanza, anastahili masharti yale yale ambayo angepewa kama hakuanza kwa kibarua.

Wajanja huja na hesabu yao wakasema, "Jumapili hukuja, kwa hiyo mfululizo umekatika." Hesabu hiyo ni ya uongo. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba baada ya siku sita za kazi kibarua ana siku moja ya kupumzika yenye malipo, na siku hiyo, pamoja na sikukuu za serikali, zinahesabiwa ndani ya mfululizo. Wengine huwasimamisha watu siku mbili kila mwisho wa mwezi, kisha huwaita tena kwa kazi ile ile. Hapo kesi ni ngumu kidogo, sitawadanganya, lakini korti ina uwezo wa kutazama mambo yalivyokuwa hasa na kutangaza kwamba mtu huyu ameajiriwa kwa masharti ya sheria. Ndiyo maana kila siku uliyoingia kazini ni lazima uiandike.

Sasa tupige hesabu, maana haki isiyo na hesabu haijazi sufuria. Tuseme fundi amefanya kazi miezi saba kwenye jengo la Kitengela, shilingi 800 kwa siku, siku sita kwa wiki. Amefukuzwa siku ya Alhamisi, na siku nne za wiki hiyo hajalipwa. Kwanza, siku nne zile ni shilingi 3,200, na hizo ni jasho lake, hakuna sababu yoyote ya kuzizuia. Hata mtu aliyefukuzwa kwa kosa kubwa hulipwa mpaka siku aliyofukuzwa. Pili, mtu wa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kwa maandishi, na asipopewa hulipwa fedha badala yake. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni shilingi 20,800. Tatu, likizo. Wengi hudhani likizo ni ya mtu aliyemaliza mwaka. Sivyo. Mtu akiisha kupita miezi miwili kisha kazi ikakoma, anahesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi kamili. Kwa miezi saba ni siku 12 na robo, yaani shilingi 9,800. Jumla ni shilingi 33,800, na bado hatujauliza kama kufukuzwa kwenyewe kulikuwa kwa haki.

Tuulize sasa. Zamani, chini ya sheria ya 1976, mwajiri aliyetoa notisi hakulazimika kueleza sababu. Leo analazimika kuthibitisha sababu, na sababu iwe ya haki. Tena kama anakushtaki kwa kosa, au kwa kazi mbaya, au kwa kutojiweza kimwili, ni lazima kwanza akueleze kwa lugha unayoifahamu, iwe Kimaasai, Kikamba au Kiswahili, na akusikilize ukiwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe. Mahali pengi mfuko wa simiti ukipotea, watu kumi hufukuzwa pamoja kabla ya saa nne ya asubuhi, bila hata mmoja kuulizwa. Huko si kusikiliza. Wala mwajiri hawezi kukata mshahara wako kwa simiti hiyo kwa kuwa ulikuwa karibu nayo tu. Makato ya mali iliyopotea ni kwa aliyeipoteza kwa makusudi yake. Korti ikiona umefukuzwa bila haki, inaweza kuamuru ulipwe fidia mpaka mshahara wa miezi 12. Sikusema itakupa miezi 12. Hakimu hupima muda uliofanya kazi, mwenendo wako, na mengineyo, na mtu wa miezi saba asijenge nyumba kwa fedha ambayo hajaiona.

Kuna wale walio kwenye majaribio. Muda wa majaribio usizidi miezi sita, isipokuwa ukikubali uongezwe, na notisi yake ni siku saba au malipo ya siku saba. Waajiri walikuwa wakisema mtu wa majaribio hana haki ya kusikilizwa. Mwaka 2021 Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi ilikikataa kifungu hicho, ikasema hakipatani na Katiba.

Na wale wa msimu, hasa dada zetu wa maua wanaochukuliwa kabla ya sikukuu ya wapendanao ya Februari: mkataba wenye tarehe ya mwisho, tarehe ikifika, umekwisha. Hapo chama hakiwezi kukudai kazi mpya kwa nguvu. Lakini ukikatwa katikati, kabla ya tarehe, bila sababu, hilo ni shauri jingine na tuletee. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi ni lazima uwe wa maandishi, na kuuandaa ni kazi ya mwajiri, si yako. Asipouleta mbele ya korti, mzigo wa kuthibitisha masharti ni juu yake.

Hata hivyo wewe una mzigo wako: uonyeshe kwamba kweli ulifanya kazi pale na ukafukuzwa. Watu wengi wameshindwa hapo, hasa kwenye majengo, ambako fundi mkuu huandika watu kwa mdomo, mwenye nyumba hajulikani, na kontrakta hubadilika kila mwezi. Weka ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo, usiufute. Weka kadi ya lango, picha yako na wenzako kazini, jina la kontrakta kama lilivyoandikwa kwenye ubao wa jengo. Weka kidaftari cha siku ulizofanya kazi. Wenzako wawili walio tayari kusema ukweli ni mali kubwa.

Jambo jingine la kuogopa ni karatasi ya kuaga. Karani atakuletea bahasha na karatasi isemayo, "Nimelipwa vyote, sina dai lolote." Mahakama ya Rufani imepata kuamua kwamba hati kama hiyo, mtu akiitia sahihi kwa hiari akiielewa, yaweza kumfunga asidai tena. Kwa hiyo isomwe kwanza. Kama fedha ni pungufu, andika kiasi ulichopokea na kwamba hukubali kuwa ndicho chote. Akikunyima bahasha kwa ajili hiyo, njoo.

Lakini kuna cheti ambacho ni lazima ukidai, nacho ni cheti cha utumishi, ukiwa umefanya kazi wiki nne au zaidi. Wazee wetu wa miaka ya 1920 walivaa kipande shingoni, na bwana ndiye aliyeandika ndani anavyopenda. Cheti cha leo huandika jina lako, kazi yako, siku uliyoanza na siku uliyoacha, na mwajiri hawezi kukuzuilia.

Sasa njia. Malalamiko ya kufukuzwa bila haki hupelekwa kwa afisa wa kazi katika muda wa miezi mitatu tangu siku ile. Shauri la korti ni ndani ya miaka mitatu. Kwa aliyefanya kazi Kitengela au Isinya, twende ofisi ya kazi ya Kajiado. Lakini wengi mnalala Kitengela na kufanya kazi ng'ambo, kwenye viwanda vya EPZ vya Athi River. Huko ni Machakos, na shauri lenu litafuata mahali pa kazi. Msipoteze nauli. Na tangu 2018 mashauri ya mtu ambaye mshahara wake hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi yanaweza kusikilizwa na mahakimu waliotajwa katika Gazeti la Serikali, bila kwenda mpaka Nairobi kwa jaji.

Mwisho, asiogope mtu kwamba akija chamani atafukuzwa kwa sababu hiyo. Kuwa mwanachama, au kupeleka malalamiko, au kuwa mja mzito, si sababu ya halali ya kumfukuza mtu, na sheria imeyataja hayo waziwazi.

Naona mikono imeinuka. Mama wa kule nyuma, sema wewe kwanza, na kama karatasi ya kontrakta unayo, ilete hapa mbele tuisome.