Jiko la Mkaa Si Blanketi: Hadhari Wakati wa Kipupwe

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi)



Mmezoea kunisikia nikizungumza juu ya daftari la fedha, stakabadhi na mizani. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya baridi, kwani jambo hili nalo nililikuta ndani ya vitabu vya hesabu.

Sisi wakazi wa Nyanda za Juu za Kusini twaijua baridi tangu utotoni. Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti sakitu huweza kuonekana alfajiri, nyeupe juu ya majani, katika uwanda wa Kitulo ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,600, na katika mabonde ya Makete na Njombe. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya kupokea mahindi na kahawa, na walinzi wetu hukesha maghalani.

Mwaka mmoja nilikuwa nikikagua chama kimoja cha msingi. Nilikuta vocha ya gunia moja la mkaa kwa matumizi ya mlinzi wa ghala. Ilikuwa na sahihi zote, na stakabadhi yake ilikuwapo. Niliitia alama ya kuikubali, nikafunua ukurasa uliofuata.

Usiku wa tatu wa ukaguzi baridi ilizidi. Mlinzi yule aliingiza jiko katika chumba cha mizani, akafunga mlango na dirisha, na upenyo wa chini ya mlango akauziba kwa gunia. Alfajiri tulimkuta sakafuni, ametapika na hajitambui. Tulimtoa nje, gari lililokuja kupakia mazao likamkimbiza hospitali, naye kwa rehema za Mungu akapona. Tangu siku hiyo najilaumu kwamba niliuliza bei ya mkaa, lakini sikuuliza utawashwa wapi.

Ndugu zangu, mkaa unapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata damu ikashindwa kubeba oksijeni ya kutosha mwilini. Aliye macho huumwa kichwa, hushikwa na kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu. Aliye usingizini huweza kufa bila kuamka.

Wako watakaosema kwamba mababu zetu walilala kando ya moto. Ni kweli. Lakini paa la nyasi lilipitisha hewa, na moshi wa kuni ulipozidi uliwaamsha kwa kikohozi na machozi. Nyumba zetu za sasa zenye matofali, dari na madirisha ya vioo hazina upenyo kama ule, na mkaa uliokolea hautoi moshi wa kutuonya. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo nashauri yafuatayo:

Kwanza, mtu asilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama makaa yamefunikwa majivu au dirisha limeachwa wazi kidogo.

Pili, chama kimnunulie mlinzi koti zito, blanketi, soksi na buti. Akitaka kuota moto, aote nje, mahali palipokingwa upepo na mbali na magunia.

Tatu, nguo kadhaa zikivaliwa moja juu ya nyingine huhifadhi joto vizuri, na nguo iliyolowa ibadilishwe upesi. Mtoto mchanga avikwe kofia na akumbatiwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Wazee wapatiwe uji wa moto, na jirani awajulie hali kila asubuhi.

Nne, pombe si dawa ya baridi. Huivuta damu karibu na ngozi, mnywaji akaona joto, kumbe joto la mwili linampotea.

Tano, watu walio karibu na jiko wakianza kuumwa kichwa kwa pamoja, watoke nje mara moja. Ukimkuta aliyezimia, fungua mlango na madirisha, mtoe kwenye hewa safi, kisha apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Asinyweshwe maziwa, kwani hayaondoi gesi hiyo, na asiyejitambua yatampalia.

Ndugu Makatibu, jambo hili liwekwe katika ajenda ya kikao cha Bodi cha mwezi Mei, kabla baridi haijaingia. Nami nitakapokuja kukagua na kukuta vocha ya mkaa, sitaridhika na sahihi na stakabadhi. Nitaomba nionyeshwe mahali mlinzi anapoota moto, na blanketi analojifunika.