MADAWA YANAYOGANDA KWA MWANGA
Maneno tuliyowaeleza wanachama wetu mjini Isiolo



Leo twapenda kuwaeleza habari ya dawa moja ya viwandani, jina lake benzili. Ni unga wa manjano. Hapa Isiolo haitengenezwi, lakini kazi zake zatufikia.

Kazi ya kwanza ni kutengenezea dawa nyingine. Mwaka 1908 Mjerumani Heinrich Biltz aliichanganya na yurea akapata fenitoini. Mwaka 1938 madaktari wa Marekani, Merritt na Putnam, walionyesha ya kuwa fenitoini huzuia kifafa. Hata leo wako wagonjwa wa Kenya wanaoimeza.

Kazi ya pili ni ya mwanga. Benzili, na madawa mengine ya namna hiyo, hutiwa katika wino wa kupigia chapa, vanishi na rangi za kucha. Taa maalum ikimulika, dawa huamka ikaushikanisha ute ule, nao huwa mgumu mara moja. Ndiyo sababu wenye viwanda waipenda: hawangoji wino ukauke.

Lakini ute ambao haujaganda ni adui wa ngozi. Ukigusa mikono siku kwa siku huleta muwasho na malengelenge, na mwili ukishaukataa, huukataa maisha. Dada zetu wa saluni ndio walio karibu zaidi na hatari hii. Tena, tangu tarehe 1 Septemba 2025 Umoja wa Ulaya umekataza katika vipodozi dawa moja ya kazi hii, iitwayo TPO, kwa kuwa yahesabiwa kudhuru uzazi. Kilichokataliwa huko kisije kikauzwa kwetu kwa bei rahisi.

Basi yatupasa kudai haya:

1. Kila chupa iwe na lebo, na karatasi ya maelezo ya usalama ionekane. Hii si hisani. Ni Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007.

2. Mwajiri atoe glavu za nitrili, zibadilishwe mara kwa mara. Zile za mpira wa kawaida hupenywa upesi.

3. Pawe na maji na sabuni. Tusinawe kwa thina.

Ndugu, mwenye kuuliza peke yake huambiwa ana maneno mengi. Tukiuliza sote, chupa itasomwa.